Mstari Uliopotea wa Aprili 1979

Dar es Salaam,
14 Novemba 1995

Bamkubwa Haruna,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na mama mkubwa na wote wa hapo Njinjo. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Miguu bado inamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Kutwa ananiuliza nitaolewa lini. Mwambie mama mkubwa korosho alizompa Maftaha wa lori zimefika. Zimefika nusu, na Maftaha anaapa kwamba mfuko ulitoboka wenyewe njiani.

Sasa sikia habari yangu. Nimepata kazi ya mkataba katika ofisi ya wahandisi waliopewa kuchora daraja la Matandu, hapo hapo penye kivuko chenu. Tetesi najua mnazo. Wanunuzi binafsi wa korosho wanataka njia ya mwaka mzima, na wafadhili wamekubali. Kazi yangu ni kuchora grafu ya kimo cha maji kwa miaka yote yenye vipimo, ili ijulikane mto hupanda mpaka wapi, na daraja likae juu ya hapo. Likikaa chini ya hapo, masika ya mwaka mmoja tu yataling'oa pamoja na waliomo juu yake.

Na vipimo vyenyewe vimeandikwa na nani? Nilipofunguliwa kabati nilikuta madaftari ishirini na mawili, mwaka 1972 hadi 1993, yote kwa mwandiko ule ule ulionifundisha kuandika jina langu mchangani. Nilitokwa na machozi mbele ya karani, akadhani ni vumbi.

Nimekaa miezi miwili naziingiza namba zako kwenye kompyuta. Halafu nikaiandikia maelekezo ya kuchora, kwa lugha yake iitwayo Paskali. Mara ya kwanza mto ulitoka miguu juu kichwa chini, masika yanashuka na kiangazi kinapanda, kwa sababu kioo cha kompyuta huhesabu kuanzia juu kwenda chini na mimi nilisahau. Hilo nimelirekebisha. Mawili yamenishinda. Wewe huandika mita mbili na kumi na tano hivi: 2,15. Kompyuta ikiona hiyo koma inadhani ni namba mbili, inasoma 2 halafu 15. Je, popote penye koma nikiweka nukta nitakuwa sijakosea? La pili, kuna mwaka umeandika 215 bila koma. Basi kompyuta imeamini maji yalipanda mita mia mbili na kumi na tano, ikapandisha kipimo cha grafu mpaka mbinguni, na miaka mingine yote imelala chini kama mkeka.

Nisaidie, Bamkubwa. Hii kazi nataka niifanye hadi wasione pa kunikosoa.

Mwanao,
Naima Abilahi


Njinjo,
2 Desemba 1995

Mwanangu Naima,

Waaleykum salaam, na marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nimewasomea watu barazani. Mama mkubwa wako anasema Maftaha akipita tena hapa atakula jeuri yake. Mvua za vuli zimechelewa. Salfa ya kupulizia mikorosho siku hizi mtu anajitafutia mwenyewe kwa wafanyabiashara, hakuna wa kukuletea shambani kama zamani, basi wengi mwaka huu wamepuliza dua.

Kuhusu koma: weka nukta, hujakosea. Mwalimu aliyetufundisha kusoma kipimo alikuwa mtu wa koma, na mimi niliapa kutobadili nilichofundishwa. Kuhusu 215: mwaka 1984 walileta ubao mpya wa kupimia maji, umechorwa kwa sentimita, nami nikaandika nilichokiona. Mwaka uliofuata wakaniambia nirudi kwenye mita. Ubao wenyewe ulisimikwa kwenye zege lile lile la zamani, kwa hiyo gawa kwa mia na utakuwa sawa.

Nikupe na ufunguo, maana namba bila mto ni namba tu. Ubao una mita sita, na umesimama kwenye kina, si kivukoni. Ukiona 1,60 ujue akina mama wanavuka na mizigo kichwani, maji ya magoti. Ukiona 2,50 havuki mtu ila mwehu. Ikifika nne, utausikia mto ukiwa kitandani.

Mwaka 93 walitupunguza kazini, kipimo kikafungwa. Lakini mpaka leo kila alfajiri baada ya swala nashuka kuutazama ubao, halafu narudi na sina pa kuandika. Mama mkubwa wako ananicheka.

Chora, mwanangu. Wakikuuliza namba hizi ni za nani, wajibu bila haya.

Bamkubwa wako,
Haruna Likwata


Dar es Salaam,
20 Desemba 1995

Bamkubwa,

Assalaam aleykum. Shikamoo, na shikamoo tena kwa mama mkubwa. Hapa joto limetukaba. Mama amepata dawa ya kuchua na sasa anatembea mpaka sokoni, anarudi na umbea wa mtaa mzima.

Koma na sentimita zimekwisha. Mto umeinuka kutoka kwenye mkeka. Lakini angalia kingine. Nilipokuza mwezi mmoja nione siku kwa siku, mstari ukawa unapiga hatua mbele, unarudi nyuma, mbele, nyuma, kama mtu aliyekunywa uraka. Nilikesha nikitafuta kosa katika maelekezo yangu. Mhandisi Klementi, mkubwa wangu, alipita akatazama, akasema neno moja, "Saa," akaenda zake.

Kumbe wewe umeandika saa 12 asubuhi na saa 11 jioni, kama mtu yeyote mwenye akili, na mimi nikaingiza 12 na 11. Kompyuta, ambayo haikulelewa Njinjo, ikaona jioni imetangulia asubuhi. Wao ile ya asubuhi wanaiita sita na ile ya jioni kumi na saba. Nimecheka peke yangu ofisini. Nimesoma miaka kumi na saba na bado nimeshindwa na saa.

Limebaki moja. Februari 1981, siku sita, grafu inaanguka mpaka sifuri. Nilipotazama daftari lako nikakuta nafasi tupu. Penye utupu kompyuta imejaza sifuri, ikawa kama Matandu ulikauka mpaka mchanga. Nijaze nini?

Naima


Njinjo,
19 Januari 1996

Mwanangu Naima,

Salaam nyingi. Nakuandikia kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, maana nikifunga mkono unakuwa mzito. Mbuzi wa mama mkubwa wako amezaa mapacha. Paa la nyumba ya baba yako nimeliezeka upya kwa makuti, halivuji tena, mwambie mama yako Somoe.

Hilo la saa limetuchekesha sisi sote. Kumbe hata Wazungu wanaweza kukosea saa namna ile.

Usijaze kitu Februari 1981. Nilishikwa na malaria, nikalala siku sita, sikushuka mtoni. Yaache wazi. Mtu asiyekwenda asiandike, mwanangu. Hiyo ndiyo amana ya kazi ile, na ukiichezea amana hiyo kazi yote inakuwa uongo. Kama mashine yako haiwezi kuacha mahali wazi basi ifundishe.

Ramadhani njema. Mwenyezi Mungu atufikishe Idi salama.

Haruna Likwata


Dar es Salaam,
25 Februari 1996

Bamkubwa,

Idi mubarak. Shikamoo. Mama alipika pilau la watu ishirini na tulikuwa watu wanne, kwa hiyo tumekula Idi kwa siku tatu. Habari ya paa nimempa. Alisema ahsante.

Nimeifundisha mashine kunyanyua kalamu penye utupu, kama ulivyoagiza. Baada ya hapo nikapata wazo la kuichora miaka yote pamoja, mstari mmoja kwa kila mwaka, juu ya karatasi moja, Januari mpaka Desemba. Mhandisi Klementi alipoiona aliitikia kwa kichwa mara mbili, na kwake hiyo ni ngoma na vigelegele.

Lakini nilipoihesabu mistari nikapata taabu. Januari ipo ishirini na miwili. Juni ipo ishirini na miwili. Kati ya tarehe 10 na 20 Aprili ipo ishirini na mmoja. Nikadhani ni kosa langu, kwamba sikufuta namba za mwaka uliotangulia kabla ya kupakia za mwaka unaofuata, ndipo mmoja ukachorwa mara mbili. Hilo ni kosa la kawaida kwa wanaoanza. Nikapitia maelekezo mstari kwa mstari. Nikabadili rangi. Nikatoa namba zenyewe kwenye karatasi, nikaziweka sambamba.

Mstari haukupotea. Umelala chini ya mwenzake. Vipimo vya tarehe 10 hadi 20 Aprili 1979 ni vile vile vya Aprili 1976, asubuhi na jioni, namba kwa namba.

Inawezekana karani wa ofisini alirudufu ukurasa kwa bahati mbaya? Nieleze unavyokumbuka. Mengine yote yako safi.

Naima


Njinjo,
12 Machi 1996

Mwanangu Naima,

Salaam. Sisi wazima. Masika yameanza kwa kishindo na barabara ya kwenda Nangurukuru imeanza kuteleza, Maftaha amelala hapa siku mbili akisubiri ikauke. Wale mapacha wa mbuzi mmoja amekufa. Mahindi yanapendeza. Imamu wetu ameanza darsa la watu wazima na mimi ni mwanafunzi, nakaa kando ya vijana. Korosho za mwaka huu zimenunuliwa na watu watatu tofauti kwa mizani tatu tofauti. Mama mkubwa wako anauliza kama kule zinapatikana sindano za cherehani za namba kumi na nne. Jirani yetu ameuza shamba lake la ng'ambo.

Kuhusu swali lako, mambo ya kompyuta mimi siyajui. Mwaka 79 ni zamani. Mito hufanana.

Msalimie mama yako.

Haruna


Dar es Salaam,
2 Aprili 1996

Bamkubwa,

Shikamoo. Sindano za mama mkubwa nimezipata, pakiti mbili, nimempa Maftaha na nimemwambia haziliwi. Mama hajambo.

Nakuheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo nasema sijaridhika na jibu lako.

Mito hufanana, ndiyo. Lakini kipimo cha asubuhi na jioni hakifanani siku kumi na moja mfululizo. Na nimepata ushahidi mwingine. Bruda Nikodemo kule misheni ya Kipatimu alikuwa akipima mvua. Aprili 1979 milima yote ya Matumbi ilipata mvua ambayo hajaiandika mwaka mwingine wowote. Tarehe 13 peke yake inchi tano. Maji yale yalipita wapi kama hayakupita Njinjo? Nimeichora mvua yake juu ya mto wako. Mvua inapanda kama ukuta, na chini yake Matandu umetulia kwenye 1.60.

Mhandisi Klementi anasema niachane nayo. Anasema kimo kikubwa kuliko vyote katika madaftari ni 4.10, mwaka 1974, na michoro imekwishaanza, tumbo la daraja litakaa kwenye 5.20. Michoro inaondoka kwenda kwa wafadhili mwisho wa Julai.

Sasa nitasema lile ambalo tangu Februari mimi na wewe tunalizunguka. Baba yangu alichukuliwa na mto tarehe 15 Aprili 1979. Nilikuwa na miaka minane. Mliniambia alikuwa akivuka kwenda shambani kwake ng'ambo. Daftari lako linasema siku hiyo ubao ulisoma 1.60, na wewe mwenyewe uliniandikia maana ya 1.60.

Baba alizama kwenye maji ya magoti?

Nijibu, Bamkubwa. Haikuwa kosa la kompyuta, na nilijua tangu siku ile nilipokuuliza habari za karani.

Naima


Dar es Salaam,
27 Mei 1996

Bamkubwa,

Shikamoo. Najua barabara imekatika. Najua pia kwamba Maftaha ameliacha lori Nangurukuru na kufika Njinjo kwa miguu mara mbili, na mara zote mbili amerudi na salamu za mdomo tu.

Zimebaki wiki tisa. Nisipopata neno lako nitaandika katika taarifa kwamba siku kumi na moja za Aprili 1979 si za kweli, basi, bila kutaja mtu. Watalichora daraja kwa kubahatisha. Na watakaolipita ni nyinyi.

Silii, wala sikutishi. Nangoja.

Naima


Njinjo,
16 Juni 1996

Mwanangu Naima,

Salaam aleykum. Humu ndani wote wazima isipokuwa mimi.

Nimeianza barua hii mara nne. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeona nisingoje kuumbuliwa. Soma mpaka mwisho ndipo unichukie.

Aprili 1979 vita vya Uganda vilikuwa vinamalizika na maduka yalikuwa matupu. Hapa watu walikuwa wanafulia majivu ya mpapai. Tarehe 10 nikasikia Kilwa Masoko kumeshushwa sabuni na khanga. Sisi wasoma kipimo tulikatazwa kuondoka bila ruhusa, na ruhusa ilitoka ofisini Lindi, kwa kusubiri wiki mbili. Nikamwendea baba yako. Nikamwambia, "Abilahi, nisomee siku mbili, narudi." Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Akaniambia niende, la ndugu yake ni lake. Nikampa penseli na daftari dogo la shule.

Kilwa Masoko nilipanga foleni siku mbili. Mvua ikakata barabara. Nikakaa msikitini siku nyingine saba, nakula kwa watu, na sabuni yangu mkononi. Nilifika Njinjo tarehe 20 jioni. Ndugu yangu walikuwa wamemwokota siku ya tatu yake, chini kabisa kwenye mianzi, na wamekwishamzika. Mama yako alikuwa ndani ya eda. Mimi nilisimama mlangoni na kifurushi cha khanga.

Daftari nililikuta juu ya mtungi nyumbani kwake. Alikuwa haendi nalo mtoni lisilowe. Anashuka, anatazama, anarudi na namba kichwani, anaandika. Nililichukua kabla mtu hajaliona. Watu walisema alikuwa akivuka kwenda ng'ambo kwa kuwa shamba lake lilikuwa huko, nami sikuwasahihisha. Nilijua kama ningelipeleka lile daftari Lindi wangeniuliza mwandiko huu wa nani, na wewe ulikuwa wapi. Nikanakili Aprili ya 76, tangu tarehe 10 niliyoondoka bila kusoma. Ilinichukua muda wa kunywa chai.

Lile neno nililokuandikia, asiyekwenda asiandike, sikulipata kwa mwalimu. Nililipata hapo. Ndiyo maana 1981 nilipougua sikumtuma mtu, wala sikujaza. Nilikuwa mwaminifu tangu siku ile, lakini nilichelewa kuanza.

Daftari lilikaa kwenye paa la nyumba ya baba yako miaka kumi na saba. Nilipoezeka upya nilishuka nalo. Nakutumia ukurasa wenyewe, wala si nakala. Anaanzia tarehe 11, asubuhi 2,10, jioni 2,45. Tarehe 12, 2,90 na 3,20. Tarehe 13, 3,85 na 4,40. Tarehe 14, 4,95 na 5,30. Tarehe 15 asubuhi 5,80. Chini yake utaona ameandika "saa 11 jioni", na mbele yake hakuna kitu. Aliiandika saa kabisa kabla ya kushuka, ili akirudi aweke namba tu.

Kingine. Niliporudi, matope na takataka zilikuwa bado zimening'inia kwenye mkuyu ulio juu ya ubao. Penye alama ya mwisho nikapigilia msumari wa inchi sita. Sikujua naupigilia kwa ajili gani. Wiki iliyopita nimemwita fundi Valentini anayejenga zahanati, nikamdanganya nataka kujenga banda. Tumevuta mpira wa maji kutoka kwenye msumari mpaka ubaoni, kama wanavyosawazisha msingi. Msumari uko 6,35. Ubao wote ulikuwa ndani ya maji.

Wazuie hilo daraja lao la mita tano.

Mama yako sijui utamwambiaje. Mimi kwa miaka yote hii nimeshindwa, nimebaki kuezeka nyumba isiyo na mtu.

Haruna


Dar es Salaam,
21 Julai 1996

Bamkubwa,

Shikamoo. Mama mzima. Sindano najua zimefika.

Nimekasirika. Sitaki kukuandikia kama mtu ambaye hajakasirika. Nimekasirika kwa ajili ya sabuni, na kwa ajili ya miaka kumi na saba, na zaidi kwa ajili ya ile chai. Kuna siku mbili sikwenda kazini. Siku ya tatu nikaenda, nikaingiza namba za baba.

Nilipozichora mstari ulitoka nje ya karatasi. Nilikuwa nimeiambia kompyuta mto huu haupiti mita tano, kwa hiyo ulipofika hapo ikaukata, ukabaki umegota juu kama umegonga dari. Nikapandisha kipimo mpaka saba. Ndipo ukapanda wote, hatua kwa hatua, siku tano, tena umelingana na mvua ya Bruda Nikodemo, unaifuata nyuma kwa siku moja kama maji yanavyopaswa kuifuata mvua. Hakuna mtu anayeweza kuzitunga namba za namna ile. Jioni ya tarehe 15 nimeiambia mashine inyanyue kalamu. Juu ya hapo nimeweka msalaba mdogo peke yake kwenye 6.35, na nimeandika chini kwamba hiyo ni alama ya msumari, haikusomwa na mtu.

Mhandisi Klementi aliushika ule ukurasa wa daftari kwa ncha za vidole. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kuliko kitu chochote nilichowahi kukichora. Amesimamisha michoro. Kama msumari utathibitika, tumbo la daraja litapanda mpaka mita saba na nusu.

Mama nilimsomea barua yako yote. Sikuruka neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema alijua. Abilahi kila aliposhuka alimwambia, "Naenda kumsomea kaka." Hata ile jioni. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akanijibu, "Baba yako alikuwa anailinda kazi ya kaka yake. Nikisema, atakuwa amekufa bure." Halafu akaenda jikoni, na sikumfuata.

Sasa nisikilize. Wapimaji watakuja Njinjo wiki ya kwanza ya Septemba, na Mhandisi Klementi mwenyewe. Watataka kuuona msumari, na watauliza namba hizi zilisomwa na nani. Mimi ningeweza kuwaambia huku huku, lakini sitawaambia. Utasema wewe, pale mtoni, mbele ya watu wa Njinjo, kwa sababu ni wao uliowaacha waamini habari za shamba la ng'ambo.

Kuhusu kukusamehe usiniulize kwa barua. Nitakuja mwenyewe Desemba na mama, tukae.

Naima


Njinjo,
9 Septemba 1996

Mwanangu Naima,

Salaam aleykum. Mama mkubwa wako anawangojea Desemba, ameshaanza kuweka mchele.

Walikuja Jumatano, magari mawili. Mkubwa wako kweli hana maneno. Waliweka chombo chao cha miguu mitatu, wakachungulia, wakaandika, wakachungulia tena. Msumari umepatikana 6,37. Fundi Valentini ameudhika kwa zile sentimita mbili.

Watu walijaa mtoni. Wazee walikuwapo, na imamu, na wale walioibeba maiti. Mhandisi Klementi akafungua karatasi yako, ile yenye mstari unaopanda, akauliza kwa sauti nani aliyekisoma kipimo siku hizi tano. Nikasema alisoma ndugu yangu, kwa kuwa mimi niliiacha kazi yangu nikaenda kutafuta sabuni, na kwamba hakuwa akivuka kwenda popote. Nikasema na zile namba za uongo niliziandika mimi. Mzee mmoja aliondoka, hajanisalimu mpaka leo, na ana haki yake.

Binti mmoja kati ya wapimaji alikuwa ameshika kitabu cha kuandikia. Akaniomba jina kamili la msomaji, akasema linapaswa kuingia kwenye taarifa kando ya langu. Kelele za maji zilikuwa nyingi, basi nikamsogelea na kumtajia Abilahi Likwata, herufi moja moja, mpaka alipomaliza kuandika.

Bamkubwa wako,
Haruna